Shokapu Hainyonyi Mshtuko: Uhakiki wa Maneno ya Springi na Kimo cha Gari

Miongoni mwa maswali yanayofika mezani kwa mkuza istilahi, yapo ambayo watu wengi huyahesabu kuwa ni ya anasa. Mojawapo ni hili: tuyaiteje kwa Kiswahili mambo ya kushusha gari, yaani kuziondoa springi zilizokuja na gari na kutia nyingine fupi ili bodi likaribie tairi? Husemwa kwamba huo ni mchezo wa vijana wenye fedha za kuchezea, na kwamba lugha ya taifa ina kazi kubwa zaidi ya hiyo. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Maneno anayoyatumia kijana anayeshusha gari lake ndiyo hayo hayo anayoyatumia fundi wa basi, dereva wa gari la wagonjwa, mwalimu wa chuo cha ufundi, na ofisa ugavi anayeandika zabuni ya vipuri. Yakiwa na kasoro, kasoro hiyo haibaki kwenye karatasi, huingia barabarani.

Hapana budi kusema mapema kwamba kasoro tunayoihakiki siyo utohozi. Springi, shokapu, bushi na stabilaiza ni maneno yaliyokwisha kupata uraia, na hatuna nia ya kuwafukuza raia. Kasoro ni ya namna nyingine: baadhi ya maneno haya yanaficha tofauti ambazo anayechagua vipuri hana budi kuziona. Kwa maoni yetu, istilahi njema ni ile inayomfanya mtumiaji aulize swali linalostahili kabla hajafungua pochi yake.

1. Jina la mfumo mzima

Mfumo unaounganisha magurudumu na bodi huitwa, katika lugha kadhaa za Ulaya, kwa neno lenye maana ya kuning'iniza. Jina hilo lilikuwa na haki yake. Magari ya farasi ya kale yalikuwa na bodi lililotundikwa kwa mikanda ya ngozi, likining'inia kweli kweli. Mikanda ikatoweka, zikaja springi za chuma, bodi likakaa juu yake. Lakini jina halikubadilika. Mfasiri wa Kiswahili anayelifuata neno hilo kwa macho tu hujikuta ameandika "mfumo wa kuning'iniza" au, vibaya zaidi, "mfumo wa kusimamisha". Jina la kwanza humfanya mwanafunzi atafute chini ya gari kitu kinachoning'inia, asikione. La pili humpeleka kwenye breki, maana gari husimamishwa kwa breki. Na mtumishi wa serikali akilisoma hukumbuka barua ya kusimamishwa kazi.

Gereji haikungoja uamuzi wa mtu. Huko husemwa "springi na shokapu", na kazi ikaendelea. Tunaona kwamba "mfumo wa springi" ni jina linalotosha. Atakayesema kwamba mfumo huo una pia mikono, bushi na stabilaiza, tutamjibu kwamba hata "mfumo wa breki" una mabomba na mafuta, wala hakuna aliyelalamika. Ni desturi ya lugha yetu kukiita kitu kizima kwa jina la kiungo chake kikuu.

Kuhusu springi yenyewe, wapo wanaotaka tulirudie neno kongwe "kamani". Ni neno zuri. Katika Kiajemi kaman ni upinde, na katika Kihindi kamani ni springi. Na anayeitazama springi ya mabamba chini ya lori ataona jinsi inavyofanana na upinde. Hata hivyo, kwetu sisi kamani imekwisha kukaa ndani ya saa, nayo springi imekwisha kukaa ndani ya gari. Kuwahamisha wapangaji wawili waliotulia hakuna faida.

2. Shokapu na kazi yake

Hapa ndipo penye kosa kubwa. Neno shokapu, pamoja na umbo lake refu shokomzoba, linatokana na jina la Kiingereza ambalo maana yake ni kifaa kinachonyonya mshtuko. Wafasiri wanaokwepa utohozi huandika "kinyonyamshtuko", wakidhani wamekisanifu Kiswahili. Kwa hakika wameihamisha na kuikuza kasoro ya Kiingereza.

Tuitazame kazi yenyewe. Gurudumu likipanda tuta, kinachopokea pigo ni springi: hubanwa, na nishati ya pigo huhifadhiwa ndani yake. Springi ingeachwa peke yake ingerudisha nishati hiyo yote, gari likadunda juu na chini mara nyingi kabla ya kutulia. Ndipo shokapu inapofanya kazi. Ndani yake mna pistoni inayopita katika mafuta kwa kupitia vitundu vyembamba na vali. Mafuta hukataa kupita haraka, na nishati ya kudunda hugeuka kuwa joto. Mtu akiigusa shokapu nzima baada ya safari ndefu ya barabara mbovu ataukuta ushahidi huo kwa kiganja chake. Shokapu ya kawaida haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kuituliza springi.

Je, tofauti hii ina madhara gani? Anayeamini kwamba shokapu ndiyo inayonyonya pigo na kulibeba gari, gari lake likikaa chini kwa sababu ya springi zilizochoka, hununua shokapu. Naye hustaajabu kuona limebaki pale pale. Na anayenunua springi fupi zenye nguvu zaidi huziacha shokapu za zamani, kwa kuwa jina halimwambii kwamba vitu hivi viwili ni mtu na mlezi wake: mtoto akizidi nguvu, mlezi naye hana budi kuzidi.

Jambo hili lina hesabu yake. Utulizaji unaohitajika hupanda kwa kipeuo cha pili cha nguvu ya springi. Springi ikiongezewa nguvu kwa asilimia 44, utulizaji hauna budi kuongezwa kwa asilimia 20 ili gari litulie kwa namna ile ile ya awali. Shokapu mpya ya kiwandani huenda ikaimudu nyongeza ndogo; shokapu iliyokwisha kutembea miaka kumi haitaimudu.

Je, tubuni neno jipya? Hapana. Shokapu limekwisha kuenea kutoka gereji hadi duka la vipuri, na Baraza au chuo hakiwezi kulifuta kwa waraka. Kinachopaswa kubadilishwa ni fasili. Kamusi na vitabu vya shule visiieleze tena shokapu kuwa kifaa cha kunyonya au kupunguza mshtuko, bali kifaa kinachotuliza springi. Neno la kigeni lenye fasili sahihi ni bora kuliko neno la Kibantu lenye fasili ya uongo. Nalo "kinyonyamshtuko" liachwe.

3. Springi "ngumu"

Neno la pili linalopaswa kuhakikiwa ni kivumishi. Muuzaji husema springi hii ni "ngumu", na mnunuzi huondoka ameridhika. Lakini ngumu kwa namna gani? Fundi wa vyuma hutumia "ugumu" kwa maana ya chuma kisichokwaruzika kwa urahisi. Mnunuzi wa kawaida husikia kwamba springi itadumu. Muuzaji pengine alikusudia kwamba inahitaji nguvu nyingi ili ibanwe. Hizi ni sifa tatu, na springi yaweza kuwa na mojawapo bila ya nyingine.

Sifa inayotuhusu ni hiyo ya tatu. Robert Hooke wa Uingereza aliieleza kanuni yake mwaka 1678: kiasi cha kubanwa au kuvutwa kwa springi hulingana na nguvu inayoitenda. Kwa hiyo kila springi ya kawaida ina tarakimu yake: nyutoni kadhaa kwa kila milimita. Zipo pia springi ambazo tarakimu hiyo hupanda kadiri zinavyobanwa, kwa kuwa koili zake za karibu hukutana na kuacha kufanya kazi.

Sifa hii tuiiteje? "Ukinzani" umekwisha kupewa fundi umeme, na istilahi moja isipewe mabwana wawili katika kitabu kimoja cha ufundi. "Uimara" hurudisha maana ya kudumu. Sisi tunapendekeza "ukakamavu". Kitu kilichokakamaa ni kile kisichopindika kwa wepesi, wala neno halidai kwamba hakivunjiki. Mwalimu aweza kusema bila utata: "Springi hii ina ukakamavu wa nyutoni 25 kwa milimita."

Faida ya neno hili huonekana mara moja katika jambo la kukata springi, ambalo wengi hulifanya kwa kuwa ni rahisi. Husemwa kwamba springi iliyokatwa ni ile ile, ila fupi. Siyo ile ile. Ukakamavu huenda kinyume cha idadi ya koili zinazofanya kazi: springi yenye koili sita, ikikatwa moja, hubaki na tano, na ukakamavu wake hupanda kwa asilimia 20. Aidha, ncha iliyokatwa huenda isikae sawasawa katika kikalio chake, na gurudumu likining'inia springi yaweza kuhama. Kuichoma springi kwa moto ili ilegee ni vibaya zaidi, kwani joto huharibu ukaushaji uliofanywa kiwandani na springi huendelea kukaa chini siku hadi siku.

4. "Kushusha gari"

Tufike sasa kwenye kitenzi chenyewe. Tukisoma kwamba magari yameshushwa, hatujui kama yametolewa melini katika Bandari ya Dar es Salaam au yamefupishwa springi. Katika mazungumzo muktadha hutosha. Katika hati ya bima au taarifa ya ukaguzi hautoshi. Hali kadhalika "kulala": wapo wanaosema gari limelala wakiwa na maana kwamba liko chini, hali dereva husema gari linalala akiwa na maana kwamba linainamia upande mmoja kwenye kona.

Tunapendekeza kwamba katika maandishi rasmi isemwe "kushusha kimo cha gari", na kinyume chake "kuinua kimo", jambo ambalo hapa kwetu hufanywa sana kwa kutia spesa. "Kulala" kuachiwe kona. Na kimo kitenganishwe na "uwazi wa chini", yaani nafasi kati ya ardhi na sehemu ya gari iliyo chini kuliko zote. Tairi fupi hupunguza uwazi wa chini bila kuigusa springi hata kidogo.

Kuliongeza neno kimo si urembo wa lugha. Husaidia kufichua kinacholipwa. Tuchukue mfano wa hesabu. Kona moja ya mbele ya gari dogo imebeba kilo 300, springi ina ukakamavu wa nyutoni 25 kwa milimita, na gurudumu lina milimita 80 za kupanda kabla mfumo haujagonga mpira wa kikomo. Katika milimita hizo 80, mbali na kubeba uzito, springi hupokea jouli 80 za nishati ya pigo. Sasa tushushe kimo kwa milimita 30. Zimebaki milimita 50. Ili pigo lile lile limalizike ndani ya milimita 50, ukakamavu ungepaswa kufika nyutoni 64 kwa milimita, yaani zaidi ya mara mbili na nusu. Springi fupi zinazouzwa kwa magari ya barabarani haziongezewi ukakamavu kiasi hicho, kwa sababu abiria wasingevumilia. Kwa hiyo sehemu ya pigo hubebwa na mpira wa kikomo, na mpira ukiwa umekwisha, na bodi. Hapo ndipo dereva husema gari "linapiga chini". Katika barabara zetu zenye matuta, hesabu hii ina thamani kuliko picha yoyote ya gari zuri.

Kuna na jambo jingine ambalo kitenzi kitupu hulificha. Wengi hushusha kimo kwa imani kwamba gari litapungua kulala kwenye kona, kwa kuwa uzito umeshuka. Imani hiyo ni ya kweli kwa kiasi. Katika gari lenye mihimili ya MacPherson, kimo kikishushwa mno, mkono wa chini huinama kuelekea juu upande wa gurudumu. Na kitovu ambacho bodi hulalia kukizunguka hushuka haraka kuliko uzito. Umbali kati ya viwili hivyo huongezeka, na gari huwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kulala. Aidha mlalo na mwelekeo wa tairi hubadilika. Mwenye gari asipopima upya alaimenti, tairi zitalika upande mmoja.

5. Sehemu na kitu kizima

Kasoro ya mwisho ni ya kuita kitu kizima kwa jina la sehemu pale ambapo sehemu nazo zinauzwa mbalimbali. Earle S. MacPherson, mhandisi wa Kimarekani, ndiye aliyeunganisha springi, shokapu na egemeo la usukani katika kiungo kimoja kilichosimama wima. Muundo huo ulianza kuonekana katika magari ya Ford ya Ulaya karibu na mwaka 1950, nao leo uko mbele ya magari madogo mengi, Toyota IST ya mitaani kwetu ikiwamo. Fundi hukiita kiungo hicho chote "shokapu ya mbele". Mteja akiambiwa shokapu ya mbele imekufa, hajui kama atalipia silinda ya mafuta, springi, maunti ya juu, au vyote.

Neno "mhimili" linafaa hapa, kwa kuwa kiungo hiki, tofauti na shokapu ya peke yake, kwa kweli hubeba na kushikilia. Kwa hiyo: mhimili wa MacPherson una springi, shokapu na maunti. Ikumbukwe kwamba nyuma, katika magari mengi, springi na shokapu hukaa mbalimbali na kila moja huitwa kwa jina lake. Nazo koilova, ambazo ni springi na shokapu zilizounganishwa kiwandani na zenye kimo cha kurekebishwa, zibaki na jina lao la gereji. Ila mfasiri asisahau kueleza kwamba kurekebisha kimo na kurekebisha utulizaji ni mambo mawili, na kwamba si kila koilova huruhusu yote mawili.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, maneno yanayopendekezwa na fasili zake ni haya:

(a) Mfumo wa springi: viungo vyote vinavyounganisha magurudumu na bodi na kuruhusu magurudumu kupanda na kushuka.
(b) Shokapu: kifaa kinachotuliza springi kwa kugeuza nishati ya kudunda kuwa joto.
(c) Ukakamavu: nguvu inayohitajika kuibana springi kwa kila milimita.
(d) Utulizaji: kadiri shokapu inavyoukinza mwendo wa springi.
(e) Kimo: umbali kati ya kitovu cha gurudumu na ukingo wa bodi ulio juu yake, gari likiwa limesimama mahali tambarare.
(f) Uwazi wa chini: nafasi kati ya ardhi na sehemu ya gari iliyo chini kuliko zote.
(g) Mhimili: kiungo kimoja cha wima chenye springi, shokapu na maunti.

Atasema mtu kwamba fundi stadi anayajua haya yote kwa mikono yake, bila istilahi. Ni kweli, naye anastahili heshima. Lakini maarifa ya mikono hukaa na mwenye mikono. Mwanagenzi aliye mbali naye, mkaguzi anayejaza fomu, na mwananchi anayesoma karatasi iliyomo ndani ya sanduku la springi, hawana njia ya kuyapata ila kwa maneno. Nchini Ujerumani, anayebadilisha springi hutakiwa kwa kawaida kuwa na hati ya kitaalamu ya vipuri hivyo, na gari hukaguliwa. Hati hizo zinawezekana kwa kuwa kwanza yapo maneno ya kuziandikia. Nasi siku tutakapotaka sheria au fomu ya aina hiyo kwa Kiswahili, tusije tukakuta kwamba neno tulilo nalo la kueleza ukakamavu, uimara na ubora ni moja tu: "ngumu".

Mpaka siku hiyo, mnunuzi aliyeshika springi mkononi awaulize wauzaji maswali matatu kwa majina yake: kimo kitashuka milimita ngapi, ukakamavu ni nyutoni ngapi kwa milimita, na shokapu ipi ina utulizaji wa kuimudu? Muuzaji asiyeweza kuyajibu atakuwa amejibu.

Walimu wa vyuo vya ufundi na mafundi wenye maneno mengine yanayotumika katika mikoa yao, hasa kwa mpira wa kikomo na mkono wa chini, wanaombwa kuyaleta ili yajadiliwe kabla ya orodha hii kupelekwa kusanifiwa.